Fedha za Chunguni na Fedha za Benki



Katika mkutano wa walimu wa mtaa wetu, huku kwenye milima ya jimbo la Tanganyika, mashariki ya Kongo, mwenzetu mmoja alitusomea somo alilolitunga kwa ajili ya darasa la sita. Jina lake ni "Kuweka Akiba." Lilikuwa limepangwa vizuri, na maneno yake yalikuwa safi. Lilisema ya kuwa mtu mwerevu hupeleka fedha zake benki, bali mtu mjinga huzificha chunguni, au darini, au huzishonea ndani ya godoro. Tulimpigia makofi. Nje ya dirisha alikuwa ameketi mzee mmoja akimngoja mjukuu wake, naye alikuwa amesikia yote. Akauliza kwa upole, "Samahani, Mwalimu. Somo lako lasema habari za benki ya mwaka gani?"

Tulicheka, tukidhani mzee hakuelewa. Lakini tulipofika nyumbani swali lake halikututoka, nasi tukachukua karatasi tukafanya hesabu, na hesabu hiyo ikatuondolea kicheko. Leo twasema waziwazi, bila kumvunjia heshima mwenzetu aliyelitunga, ya kuwa somo lile si la kweli, na mwalimu wa Kongo alifundishaye awatukana wazazi wa watoto walio mbele yake.

Na tuitazame hesabu yenyewe. Mwaka 1967 Serikali ilitoa fedha mpya iitwayo zaire, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Tuseme mwalimu mmoja alijinyima nguo na sukari, hata mwaka 1970 akawa na zaire 300 katika kitabu chake cha akiba. Ndizo dola 600, mali ya mtu mwenye subira. Mwaka 1993 ikatolewa zaire mpya, na moja yake ilibadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, na faranga moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Mpe mtoto chaki azidishe: faranga moja ni zaire za zamani 300,000,000,000. Basi zile zaire 300 za mwalimu wetu, kwa hesabu ya mwaka 1998, zilikuwa kama faranga moja iliyokatwa vipande 1,000,000,000, naye akapewa kipande kimoja. Mwongezee na riba ya miaka yote ishirini na minane, bado hanunui njiti moja ya kiberiti. Hakuna mwizi aliyevunja mlango, wala nyumba haikuungua. Kitabu chake cha akiba ni kizima, na hesabu zake zasomeka vizuri mpaka leo.

Msomaji atatuambia: zaire zilizokuwa chunguni nazo ziliharibika vile vile. Kweli, nasi hatutaki kukisifu chungu kupita kiasi. Chungu kina mchwa, kina panya, kina mwana mpotevu anayejua mahali kilipofukiwa. Lakini mwenye chungu alikuwa na uhuru mmoja ambao mwenye kitabu cha akiba hakuwa nao: alipoona bei zapanda asubuhi na jioni, aliweza kufukua siku ile ile akanunua bati, au chumvi, au mbuzi. Mbuzi wa mwaka 1970 alizaa, na watoto wake wakazaa, na uzao wake bado unakula majani, kama askari wapitao hawakuumaliza. Mwenye kitabu alisimama mstarini mbele ya dirisha.

Iko habari moja ambamo chungu kilishindwa kabisa, nayo haina budi kuelezwa. Mwishoni mwa mwaka 1979 Serikali ya Mobutu ilitangaza kwa ghafula ya kuwa noti za zaire 5 na za zaire 10 hazina thamani tena. Watu walipewa siku chache tu wazirudishe wapate nyingine, tena kwa kiasi kilichopimwa. Tufikiri nchi yenyewe ilivyo: Kongo ni kilomita za mraba zaidi ya 2,300,000, mito bila madaraja, njia zinazozama matopeni tangu mvua za kwanza. Aliyekaa karibu na benki, na hasa aliyekuwa na ndugu ndani yake, aliwahi. Mwanakijiji aliye mbali alizipata habari siku zilipokwisha, akabaki na karatasi za kuwashia moto. Hapo wenye elimu walisema, "Mwaona? Laiti angeziweka benki!" Benki ipi? Ilikuwa mwendo wa siku ngapi? Mtu yule hakupotelewa kwa kuwa alikuwa mjinga. Alipotelewa kwa kuwa yeye na benki walikuwa mbali, na waliotunga amri hawakumhesabu.

Baadaye ikawa hata noti mpya hazisadikiwi. Mwishoni mwa mwaka 1992 ilitoka noti ya zaire 5,000,000, na wafanya biashara wakaikataa. Askari wa Kinshasa walipolipwa kwa noti hizo mwezi wa Januari 1993, wakaenda sokoni wakarudishwa mikono mitupu, waliasi na kupora mji, na watu wengi wakafa. Ilipokuja zaire mpya mwaka ule ule, watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea kutumia zaire za zamani miongoni mwao. Wataalamu walishangaa. Sisi twauliza: katika mwaka 1994, bei zilipopanda zaidi ya asilimia 9,000, nani alikuwa mwerevu, Mkasai yule au bwana aliyemwita mshamba?

Vijana wa chuo cha ualimu watasema haya ni mambo ya Mobutu, yamekwisha kuzikwa. Basi tuje karibu. Mwaka 2011 Serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kwa njia ya benki, na baadaye walimu nao wakaingizwa. Tukiri jambo lililo haki: nia yake ilikuwa njema. Zamani mishahara ilitoka Kinshasa katika magunia, na kila mkono uliolipokea gunia uliligusa kidogo, hata mwalimu wa mwisho akapokea mabaki na maneno. Tena katika orodha walikuwamo walimu wasiokuwapo duniani, nao walilipwa vizuri kuliko walio hai. Benki ilipunguza udanganyifu huo, na mwenye kukana atakuwa mwongo.

Lakini mwaka 2016 benki iitwayo BIAC, mojawapo ya benki kubwa za nchi, nayo ililipa mishahara ya watumishi wengi, iliishiwa fedha za kutoa. Ilikuwa imezoea kuegemea mikopo ya Benki Kuu, na egemeo lilipoondolewa ilionekana ya kuwa haiwezi kusimama. Ndipo mistari ikawa mirefu mbele ya milango yake. Mwenye amana alipewa kiasi kidogo, akaambiwa arudi siku nyingine, na Benki Kuu ikalazimika kuishika benki hiyo mkononi mwake. Wenye amana walifanya kosa gani? Walitii. Waliambiwa pelekeni benki, wakapeleka. Wala wakati ule hapakuwapo mfuko wa nchi wa kuwarudishia watu wadogo fedha zao benki iangukapo.

Na mwezi wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoushika mji wa Goma, kisha Bukavu mwezi wa Februari, benki za huko zilifunga milango. Hatuwalaumu kwa kufunga. Nani atafungua sanduku la fedha penye mizinga? Twasema tu jinsi ilivyokuwa kwa mtu mwenye akaunti: fedha zake zilikuwa salama daftarini, hesabu yake sawasawa, na watoto wake hawana unga. Watu walikwenda kwa mawakala wa simu za mkononi, wakakatwa ada nzito ili wapate noti chache. Mwezi wa Aprili wenye kuushika mji wakafungua nyumba ya akiba, CADECO, chini ya amri yao, na mtu akawa hana budi kuchagua kati ya benki iliyofungwa na benki isiyotambuliwa na Serikali ya Kinshasa. Katika miezi ile mama aliyekuwa na dola ishirini katika chungu cha unga alipika. Somo la darasa la sita lamwita mjinga.

Sasa turudi kwetu, maana twataka wenye kuishi mijini wajue siku ya mshahara ni siku ya namna gani. Benki iliyopewa kazi ya kutulipa, nayo hatutaitaja jina, haikuwa na tawi katika tarafa yetu. Mji wenye dirisha la kulipia ulikuwa safari ya siku mbili kwa baiskeli, na mvua ikinyesha ni siku tatu. Mwezi mmoja tulikwenda walimu wanne. Tulipofika tuliambiwa mashine hazina mawasiliano, tungoje. Tulingoja siku tatu, tukilala katika banda la jamaa ya mmoja wetu na kula kwa deni. Siku ya nne mashine zikapona, lakini noti zilikuwa haba, tukapewa nusu. Tuliporudi tulikuwa tumetumia njiani sehemu kubwa ya tulichopokea, na shule ilikuwa imekaa zaidi ya juma zima bila walimu wanne kati ya sita. Mwalimu Mkuu alikuwa ameyakusanya madarasa yote chini ya mwembe na kuyaimbisha nyimbo, maana peke yake hakuweza kufanya zaidi.

Kwa sababu hiyo ziko sehemu ambako Caritas ilipewa kazi ya kuwapelekea walimu mishahara yao mashambani, nao watu wake walipita kwa pikipiki, kwa mitumbwi na kwa miguu mahali ambapo benki zilisema hapapitiki. Walichelewa mara nyingi, twajua, na si kila mwalimu aliyeridhika. Lakini jambo hili lathibitisha neno moja: fedha zaweza kufika kijijini, mradi yuko mtu aliyeamua zifike.

Na kungoja huko kunazaa ubaya mwingine ambao walimu huona haya kuusema. Mwalimu asiye na mshahara kwa wakati wake humwendea mkopeshaji wa sokoni. Watu wa Kinshasa na wa miji mingi humwita mkopeshaji wa namna hii "Banque Lambert," kwa jina la benki moja ya zamani ya Ubelgiji. Ni mzaha, lakini mzaha wenye machozi. Humpa mwalimu kumi arudishe kumi na tano mwisho wa mwezi, na huchukua kadi yake ya benki iwe rehani. Kwa hiyo kadi iliyotolewa ili mwalimu asiibiwe hukaa mfukoni mwa mtu mwingine, na siku ya malipo ni yule mkopeshaji asimamaye mbele ya mashine. Twawajua wenzetu ambao hawajaigusa kadi yao mwaka mzima. Watoto wao hufukuzwa shule za sekondari kwa kukosa karo, nao ni walimu.

Kwa nini mwalimu asikope katika benki ile ile ipokeayo mshahara wake? Wengine wa mijini hukopa, tena wamesaidika. Lakini tukitazama nchi nzima, mikopo yote ambayo benki zimewapa watu na makampuni haifiki hata asilimia 10 ya pato la nchi, na mingi ni ya muda mfupi, kwa wafanya biashara wenye kuleta shehena na kwa makampuni yanayoyahudumia machimbo. Mkulima wa mihogo hana sehemu. Riba nayo yatisha: mwezi wa Agosti 2023 Benki Kuu yenyewe, ili kuizuia faranga isianguke, ilipandisha riba yake hata asilimia 25. Ikiwa hiyo ndiyo iliyokuwa riba ya mama wa benki zote, mtu aweza kukisia aliyoambiwa mwuza samaki wa Moba.

Wenye benki wana majibu yao, nasi tumeyasikia, tena si ya kupuuzwa. Husema: njia ni mbaya, na gari la fedha huviziwa. Husema: mkopaji akikataa kulipa, mahakama ni mbali na hukumu hukawia. Husema: shamba la kijiji halina hati, litawekwaje rehani? Husema tena ya kuwa karibu sehemu tisa katika kumi za amana zao zimewekwa kwa dola, na watu huzitoa wakati wowote, basi hawawezi kuzikopesha kwa miaka mingi. Haya yote ni kweli. Lakini tuyasikilize vizuri. Wasema hawawezi kuja kwetu kwa sababu kwetu hapana usalama, wala sheria, wala njia. Sisi nasi ndivyo tusemavyo tukiulizwa kwa nini hatuwapelekei fedha. Woga wao huitwa busara ya biashara, nao huandikwa katika taarifa ya mwaka. Woga wetu huitwa ujinga, nao hufundishwa darasani. Na hizo dola katika amana zao zashuhudia nini, kama si kwamba hata wenye akaunti hawaiamini faranga? Mwaka 2012 dola moja ilipata faranga 900 na kitu; mwaka 2024 ilipita 2,800. Mwalimu alipwaye kwa faranga na kununua kwa bei iliyokisiwa kwa dola aijua hesabu hiyo bila kalamu.

Jambo hili la woga wa benki lina miguu miwili, kwa maana si kila mtu huogopwa. Mtu mdogo akitaka kufungua akaunti huulizwa kitambulisho, picha, hati ya makao, na jina la mtu wa kumdhamini. Vema, sheria ni sheria. Lakini mwezi wa Novemba 2021 magazeti na mashirika ya nchi mbalimbali yalitangaza uchunguzi ulioitwa Congo Hold-up, uliotokana na nyaraka zaidi ya milioni tatu zilizotoka katika benki ya BGFIBank. Waliochunguza walidai ya kuwa dola zisizopungua milioni 138 za mali ya umma zilipitishwa katika tawi la Kinshasa zikawaendea jamaa na washirika wa rais aliyetawala zamani zile. Sisi si mahakama, wala hatumhukumu mtu. Twauliza tu, dola milioni 138 ziliombwa picha ngapi?

Na tusidhani benki zilianza juzi. Benki kubwa ya kwanza, Banque du Congo Belge, iliundwa mwaka 1909, makao yake makuu Brussels, nayo ndiyo iliyotoa noti za koloni mpaka Benki Kuu ilipoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Iliwekwa kwa ajili ya makampuni na Serikali. Mwenyeji alikuwa mtu wa kulipwa ujira na kutozwa kodi, si mtu wa kufunguliwa daftari. Nyumba ya akiba kwa watu wadogo, ile iliyoitwa baadaye CADECO, haikuwapo mpaka mwaka 1950. Yaani kwa miaka arobaini na mmoja tuliziona benki kwa nje, na tulipoingia ndani ikawa zamu ya zaire, ambayo habari zake tumekwisha kuzisimulia.

Walakini hali imegeuka kwa namna moja, na hapa ndipo tunapowasemesha wenye benki wenyewe. Ile benki ya mwaka 1909, baada ya kubadili majina mara kadhaa, mwaka 2020 ilinunuliwa kwa sehemu iliyo kubwa na Equity ya Kenya, ikaunganishwa na benki nyingine waliyoinunua hapo kwanza, na sasa yaitwa EquityBCDC. Mwezi wa Desemba 2022 KCB, nayo ya Kenya, ilinunua asilimia 85 za TMB, benki iliyozaliwa Lubumbashi mwaka 2004. Mwaka 2023 CRDB ya Tanzania ilifungua mlango wake Lubumbashi. Hapo zamani tulisema, mwenye benki ni mtu wa mbali asiyejua lugha yetu. Sasa ni jirani, tena asema Kiswahili kizuri kuliko chetu. Basi hana udhuru. Kwa nini karatasi tutiayo sahihi iwe ya Kifaransa cha mawakili, hata mwalimu mwenyewe aisome mara tatu? Mwenye kuuza akaunti Kalemie na aandike kwa Kiswahili ni kiasi gani hukatwa kila mwezi, kiasi gani hukatwa kila mtu atoapo fedha, na itakuwaje mashine isipotoa noti nayo imekwisha kuandika ya kuwa imetoa.

Tena wajua kwao jambo ambalo kwetu hawajatuambia. Mteja wa Nairobi ana ahadi ya sheria: tangu mwaka 2020, benki yake ikianguka, atarudishiwa na mfuko wa nchi mpaka shilingi 500,000. Ahadi ya namna hiyo, yenye kiasi kilichotajwa kwa tarakimu na yenye mfuko uliojazwa kweli, ndiyo tutakayo kuiona imebandikwa penye mlango wa kila tawi la Kongo. Bila hiyo, mtu anayetuambia "wekeni, ni salama" atuambia maoni yake tu.

Wengine watasema simu ya mkononi imekwisha kutatua yote. Ni kweli ya kuwa tangu M-Pesa ilipokuja Kongo mwaka 2012, na nyingine zilizoifuata, mama wa kijiji aweza kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Kolwezi bila kuliona dirisha la benki. Tumefurahi, nasi twatumia. Lakini wakala wetu hapa ana meza moja na sanduku dogo. Siku walimu watatu wakimwendea pamoja, noti zake zimekwisha kabla ya saa nne. Maandishi yaliyo katika simu hayawi chakula mpaka apatikane mwenye noti, na noti hutoka benki, na benki iko safari ya siku mbili. Tumerudi pale pale.

Kwa sasa watu wetu wana likelemba. Walimu sita tumekubaliana kila mwezi kila mmoja atoe kiasi kimoja, na mmoja kwa zamu achukue chote. Hakuna riba, hakuna rehani, na mwenye kufiwa huruhusiwa kuchukua zamu ya mwenzake. Likelemba nayo huvunjika, hasa mtu akishapokea na kuhamishwa shule. Mwaka juzi mmoja wetu alihama na zamu zetu mbili, na hatujazipata hata leo. Hata hivyo twamjua jina, na kwao twakujua, na mama yake ametutumia salamu za kuomba radhi. Daima tumejua ni nani wa kumwuliza. Hatukumbuki barua ya namna hiyo kutoka benki yoyote.

Basi tulimwendea yule mwenzetu, tukamwomba aliandike somo upya, naye, kwa kuwa ni mwalimu wa kweli, alikubali. Neno "mjinga" amelifuta. Mahali pake ameweka hesabu ya zaire 300, na watoto wataifanya wenyewe. Ameandika ya kuwa chungu chaweza kuibiwa, na benki yaweza kufungwa. Kwamba mtu mwenye fedha kidogo hufanya vema asiziweke zote mahali pamoja. Kwamba kabla ya kutia sahihi yampasa mtu aulize ada ni kiasi gani, tawi liko wapi, na nani atalipa benki ikishindwa. Mwisho amewapa watoto kazi ya nyumbani, wamwulize babu au bibi yao alipoteza nini mwaka ule wa noti za 5 na za 10, na waandike majibu katika daftari. Majibu yaliyorudi yamejaza madaftari kumi na saba. Yule mzee wa dirishani ndiye aliyekuja mwenyewe kusimulia lake, akakaa darasani mpaka kengele ikalia, maana alisema hajawahi kuulizwa.

Ikiwa yuko bwana wa benki asomaye ukurasa huu, naye aona tumekosea katika tarakimu au tumemwonea kwa maneno, na aandike. Barua yake, kwa ruhusa ya Bwana Mhariri, tutawasomea wazee wa kijiji neno kwa neno, na maswali yao tutamrudishia kama yalivyo.